Bendi ya metali ya Nairobi, gari la watu tisa, shoo 14 Ulaya: mjiandae vipi?

Swali: Sisi ni bendi ya metali ya watu wanne kutoka Nairobi: dramu, besi, gitaa, na mwimbaji ambaye pia anapiga gitaa. Bendi moja ya Ujerumani imetualika tuifungulie kwenye ziara ya shoo 14 ndani ya siku 16, mwezi wa kumi. Tutapiga Hamburg, Berlin, Prague, Vienna, Munich, Zurich, Köln na miji midogo ya katikati. Wao wana basi lao, sisi tutakodi gari la watu tisa. Dramu na spika kubwa tutatumia zao. Hatujawahi kupiga nje ya Afrika Mashariki. Tubebe nini, tujipange vipi, na ni vitu gani huwa vinaharibika?

Jibu: Kwanza ijueni siku yenyewe ilivyo, maana ushauri wote unaofuata unatokana nayo. Klabu ya Ujerumani ya watu 200 hadi 400 kwa kawaida hupokea mizigo saa tisa au saa kumi alasiri. Bendi kuu hupima sauti kwanza, mpaka kama saa kumi na moja na nusu. Kama kuna bendi ya pili, inafuata. Nyinyi wafunguzi mnapata dakika zinazobaki kabla ya mlango kufunguliwa saa moja usiku. Siku nzuri ni dakika 20, siku mbaya hamna hata moja. Mnapanda saa moja na nusu na kushuka saa mbili kamili. Bendi kuu inamaliza karibu saa nne na nusu, na saa tano muziki wa jukwaani unazimwa kwa sababu ya majirani. Kupakia, kuuza fulana za mwisho na kulipwa kunawafikisha saa sita. Kitandani ni saa saba au nane za usiku, na saa nne asubuhi mko barabarani tena.

Kwa hiyo mnasafiri siku nzima ili mpige nusu saa. Kinachoila hiyo nusu saa ni uchovu, waya mmoja mbovu, au dakika tano za kutafuta adapta gizani. Bendi nyingi za ufunguzi zinapiga vizuri kabisa. Zinazoalikwa tena ni zile ambazo fundi wa sauti wa klabu na bendi kuu hawakupata shida nazo hata usiku mmoja.

Mkataba na karatasi

Kabla ya kununua tiketi, ulizeni kwa maandishi kama mnalipia nafasi hiyo. Kwenye metali ni kawaida bendi ya ufunguzi kutozwa ada na wakala wa bendi kuu. Ada yenyewe si wizi, lakini mjue inanunua nini: matumizi ya dramu na spika, fundi wa sauti wa ziara, malazi, chakula, nafasi ya meza ya fulana. Kila kimoja kitajwe. Kama mkataba umesema "vifaa vya jukwaani" bila kufafanua, huenda mkafika Hamburg mkute dramu hazina hata stendi za sahani (simbali).

Visa mnayohitaji ni ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia visa moja) ya muda mfupi, na inaombwa kwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, yaani Ujerumani. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000 kwa matibabu. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi 45, na nafasi za miadi huisha mapema. Kwa ziara ya Oktoba, karatasi zianze kutembea Juni.

Msiandike kwamba mnakwenda kutalii. Andikeni mnakwenda kutumbuiza, mkiambatanisha mikataba, ratiba yenye anwani za klabu, na barua ya mwaliko. Sheria ya Ujerumani kuhusu ajira za wageni ina kifungu kinachoruhusu wasanii wanaoishi nje kufanya maonyesho ya siku moja moja hadi siku 15 kwa mwaka bila idhini ya ofisi ya ajira. Nchi nyingine zina masharti yake, kwa hiyo kila promota wa nje ya Ujerumani aulizwe kwa barua pepe, na jibu lake lichapishwe na kuwekwa kwenye faili la safari.

Kuna na kodi. Ujerumani humkata msanii asiyeishi nchini asilimia 15 ya malipo, pamoja na nyongeza ndogo inayofikisha 15.825. Lakini malipo yasiyozidi yuro 250 kwa kila msanii kwa kila shoo hayakatwi. Bendi inayopata yuro 300 kwa usiku, zikigawanywa kwa wanne, ni yuro 75 kila mmoja, mko salama. Mradi tu mkataba utaje majina na anwani za wote wanne, kwa sababu promota akiona jina moja tu anaweza kuzihesabu zote kama za mtu huyo.

Andikeni pia orodha ya vifaa: aina, namba ya kifaa na thamani. Waonyesheni maafisa wa forodha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kabla ya kuondoka, wagonge muhuri. Bila hiyo, gitaa lako la miaka mingi linaweza kuhesabiwa kuwa bidhaa mpya siku ya kurudi.

Gari na dereva

Tafuteni dereva wa huko, mtu asiyepiga muziki usiku huo na asiyekunywa. Nyumbani tunaendesha kushoto, bara la Ulaya ni kulia. Mtu aliyelala kwa saa nne tu, aliyetoka jukwaani na kuamka kwenye mvua ya Oktoba, ndiye anayeingia mzunguko wa barabara kwa upande aliouzoea. Kiwango cha pombe kwa dereva Ujerumani ni 0.5 kwa elfu, na Jamhuri ya Czech ni sifuri kabisa, kwa hiyo hata bia za jana usiku zina hesabu yake asubuhi.

Mko wanne, ongezeni dereva na mtu wa kuuza fulana, mnakuwa sita. Hiyo ni bahati, maana safu ya nyuma ya viti inaweza kutolewa mizigo ikakaa ndani ya gari. Epukeni trela. Gari lenye trela Ujerumani linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu, isipokuwa trela na gari vimeidhinishwa kwa 100. Uswisi nayo inataka stika ya barabara ya faranga 40 kwa gari, na nyingine ya pili kwa trela. Vienna hadi Munich ni kama kilomita 430, pungufu kidogo ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Kwa 80, na kusimama mara mbili, siku yenu imeisha.

Uzito wa mwisho wa magari haya kwa kawaida hauzidi kilo 3,500 na gari lenyewe tupu hula zaidi ya kilo 2,000. Watu sita na mabegi yao ni karibu 600. Mnabakiwa na nafasi ya kutosha, lakini si ya spika. Spika ya koni nne za inchi 12 ina kilo 35 hadi 45, na ndiyo maana kuazima za bendi kuu kuna thamani kuliko ilivyoonekana kwenye barua. Vitu vizito vikae chini, vikibanwa na ukuta unaotenganisha mizigo na abiria, na vifungwe mikanda. Sanduku la sahani za dramu likiachwa juu ya mabegi, breki ya ghafla inalirusha kwenye shingo ya mtu.

Usiku magitaa hayalali garini. Gari liegeshwe milango ya nyuma ikigusa ukuta, na magitaa na kompyuta vipandishwe vyumbani, hata kama chumba kiko ghorofa ya nne na lifti haipo.

Kwa mafuta, gari la aina hii likiwa na mzigo hula lita 9 hadi 11 za dizeli kwa kilomita 100. Njia yenu, na mizunguko ya mjini, jumla ni kama kilomita 3,500. Wekeni lita 315 hadi 385 kwenye bajeti mzidishe kwa bei ya siku. Jamhuri ya Czech na Austria pia zina ada ya barabara kuu inayolipwa mtandaoni kabla ya kuvuka mpaka.

Vifaa: acheni kilicho kizito, bebeni kinachovunjika

Bendi zinazoazimana dramu zina kanuni moja: mwenye dramu hutoa miili ya dramu na stendi, na kila mpiga dramu huja na sneya yake (dramu ndogo yenye nyuzi za chuma chini), sahani zake, pedali yake, na mara nyingi kiti chake. Hivyo ndivyo vitu vinavyopasuka au vinavyobeba tabia ya mpigaji. Pedali ya miguu miwili ipakiwe kwenye sanduku gumu, fimbo ya kuunganisha ikiwa imetolewa. Ikisafiri imeunganishwa, kiungo chake hupinda kidogo, na mguu wa kushoto unaanza kuchelewa bila mtu kujua sababu. Bebeni springi mbili za akiba, nyundo mbili, funguo tatu za dramu. Sahani hupasuka ukingoni zinapofungwa kwa nguvu kupita kiasi, au kishimo cha katikati kinapokaa juu ya chuma kitupu baada ya mpira wa plastiki kuanguka. Kwa hiyo beba mipira kumi ya plastiki na vitambaa vya stendi, maana stendi za watu hazina. Sahani moja ya akiba inatosha. Ngozi za juu za sneya mbili, ya chini moja. Vijiti: kwa metali ya kasi hesabuni jozi moja kwa kila shoo.

Upande wa magitaa, shauri langu ni mashine ya kidijitali ya sakafuni inayoiga amplifaya, moja kwa kila mpiga gitaa, badala ya kichwa cha amplifaya cha valvu cha kilo 20. Iunganisheni hivi. Tokeo la kwanza, lenye uigaji wa spika, liende kwenye meza ya fundi wa sauti kupitia waya wa XLR (wa pini tatu, kama wa maikrofoni). Tokeo la pili, uigaji wa spika ukiwa umezimwa, liingie nyuma ya amplifaya ya bendi kuu, kwenye tundu la kurudisha efekti. Hapo mnatumia nguvu ya amplifaya yao na spika yao bila kugusa vifundo vyao vya mbele. Mkiwasha uigaji wa spika kwenye tokeo la pili, sauti jukwaani inakuwa kama imefunikwa blanketi, na hiyo ndiyo kasoro ya kwanza kuitafuta gitaa likisikika zito lakini halieleweki. Wekeni sauti zenu zote kwenye kadi ya kumbukumbu na nakala nyingine kwenye simu ya mtu mwingine.

Kama mtalazimika kutumia kichwa cha valvu, msikiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, na waya wa kwenda kwenye spika uwe wa spika, si wa gitaa. Vinafanana kwa plagi, lakini ndani wa gitaa ni mwembamba, unapata moto, na transfoma ya kutoa sauti ndiyo inayoungua.

Nyuzi: mkipiga kwa kushusha hadi B kwenye gitaa la nyuzi sita, seti ya unene wa 12 hadi 60 (kwa elfu za inchi) hukaa imara. Badilisheni kila baada ya shoo mbili, mchana, kabla ya kupima sauti, mkizivuta kwa mkono mpaka zisishuke tena. Hiyo ni seti saba kwa kila gitaa. Kila mpiga gitaa awe na gitaa la pili, hata la bei ndogo, lililoshushwa sawa na la kwanza na likisubiri jukwaani. Uzi ukikatika, hakuna anayebadilisha uzi mbele ya watu ndani ya dakika 30.

Oktoba inaleta jambo msilolijua nyumbani. Gitaa likitoka garini kwenye nyuzi joto 5 na kuingia klabu yenye 25, unyevu huganda juu ya chuma na shingo ya mti huanza kutembea. Liacheni ndani ya sanduku lililofungwa kwa nusu saa hadi saa nzima ndipo mlifungue. Kupatanisha nyuzi kabla ya hapo ni kazi bure. Mwe na ufunguo wa fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, na mkiona nyuzi zimeanza kugusa chuma za shingo, zungusheni robo tu, mpige, msubiri, ndipo mzungushe tena.

Sanduku dogo la ufundi: multimita, pasi ya kulehemu ya umeme (ya gesi haipandi ndege), waya wa risasi wa kulehemu, fyuzi za aina na ukubwa ule ule wa vifaa vyenu, betri za volti 9, nyaya nne za gitaa za mita sita, fupi sita za kuunganisha pedali, XLR nne, plagi mbili za akiba, mabano ya plastiki ya kufungia nyaya, tepu nyeusi ya kitambaa, tochi ya kichwani. Betri za lithiamu za akiba zinapanda nanyi kabini, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini.

Bendi ya Duma ya Nairobi, iliyotoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilikuwa ya watu wawili na midundo ya kompyuta. Nyinyi mna dramu za kweli, na ni sauti ninayoipenda zaidi, lakini kubalini kwamba kila sahani mnayoongeza inadai sekunde zake wakati wa kupanda.

Umeme

Volti zinakaribiana, 240 Kenya na 230 huko, zote kwa hezi 50, kwa hiyo vifaa vyenu havihitaji transfoma. Tatizo ni plagi. Kenya na Tanzania tunatumia plagi ya pini tatu bapa kama Uingereza, Ujerumani wana pini mbili za mviringo na ethi (njia ya usalama inayopeleka umeme ardhini) ubavuni, Uswisi wana tundu la kwao. Msinunue adapta kumi. Nunueni huko huko kebo mbili za kurefusha umeme za Kijerumani zenye ethi, na mbadilishe kabisa nyaya za umeme za vifaa vyenu ziwe za plagi yao, maana vifaa vingi vinatumia waya unaochomoka nyuma. Kwa Zurich wekeni adapta moja ya Uswisi kwa kila kebo.

Adapta ya bei rahisi ya safari mara nyingi haina ethi. Kwa simu si neno. Kwa gitaa, mwimbaji anashika nyuzi, mdomo unagusa maikrofoni iliyounganishwa na mtambo wa klabu wenye ethi yake, na umeme unapita kwenye midomo. Kwa kuwa mwimbaji wenu anapiga gitaa, fanyeni kipimo hiki kila klabu: multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Isome karibu na sifuri. Ikizidi volti chache, hakuna kugusa maikrofoni mpaka fundi wa klabu apate soketi nyingine. Na spika ikivuma, msikate wala kuziba waya wa ethi. Mwambieni fundi abonyeze swichi ya kutenganisha ethi kwenye kisanduku cha DI (kinachounganisha chombo na meza ya sauti), uvumi huo huondoka bila kumhatarisha mtu.

Nyaya ni bora kuliko redio. Kama mna gitaa lisilo na waya, mojawapo linaloruhusiwa kwa urahisi Ulaya ni lile la megahezi 863 hadi 865. Seti nyingi zilizonunuliwa kwingine zinafanya kazi kwenye masafa ambayo huko ni ya televisheni au simu.

Dakika 15 za kubadilishana jukwaa

Hapa ndipo muwekeze mazoezi yenu, na mfanyie Nairobi, saa mkononi. Wiki mbili kabla ya ziara tumeni kwa kila klabu karatasi mbili: ramani ya jukwaa na orodha ya chaneli. Yenu ingekuwa hivi: 1 dramu ya mguu kwa maikrofoni, 2 dramu ya mguu kwa triga (kihisi kinachotoa sauti ya kielektroniki kila pigo), 3 sneya, 4 na 5 tom za juu, 6 tom ya sakafuni, 7 na 8 maikrofoni za juu, 9 besi, 10 gitaa la kushoto, 11 gitaa la kulia, 12 sauti kuu, 13 sauti ya pili, 14 utangulizi uliorekodiwa. Mdundo wa kumwongoza mpiga dramu usiingie kabisa kwenye meza ya klabu. Utoke kwenye kifaa chake hadi masikioni mwake tu, kwa sababu siku fundi akikosea chaneli, ukumbi mzima utausikia ukigonga.

Nyinyi mnapanda wa kwanza, kwa hiyo vyenu vinapangwa mbele ya pazia kabla ya watu kuingia, na mnachobadilishana ni wakati wa kushuka. Lakini kuna usiku mtakapopangwa wa pili, na hapo zoezi ni hili. Kabla ya bendi iliyo jukwaani kumaliza, sneya iko kwenye stendi yake, pedali imefungwa tayari, sahani zimepangwa kwa mfuatano wa kuwekwa, pedali za gitaa zimefungwa kwenye ubao mmoja wenye waya mmoja wa umeme na mmoja wa kutoka. Dakika ya kwanza hadi ya tatu, mpiga dramu peke yake ndiye anayepanda, wengine wanasaidia kushusha vya waliotoka. Dakika ya tatu hadi ya saba ni sahani, pedali na kiti, huku magitaa yakiwekwa mahali pake, umeme ukiwa wa kwanza na sauti ikiwa ya mwisho. Dakika ya saba hadi ya kumi na mbili fundi anaita chaneli moja moja: mguu, sneya, tom, besi, magitaa, sauti. Anayeitwa anapiga peke yake, wengine kimya. Kupiga piga gitaa wakati fundi anasikiliza sneya ndiyo tabia inayowachosha mafundi kuliko zote. Dakika tatu za mwisho: ubeti mmoja wa wimbo wenye kila chombo, ishara ya kidole gumba, taa zizime.

Urefu wa kiti cha dramu na miguu ya stendi uwekewe alama ya tepu yenye rangi yenu. Msiondoe alama za bendi kuu kwenye zulia. Mkishuka, kila kitu kitoke jukwaani kwanza kama kilivyo, kisha mkakikunje pembeni. Mpiga dramu anayefungua sahani juu ya jukwaa huku bendi inayofuata imesimama anakula muda usio wake.

Nyimbo zenu ziwe dakika 25 kwa nafasi ya dakika 30. Wimbo wa tano uamuliwe mapema kuwa ndio unaokatwa kama mlango umechelewa. Kupitiliza muda hata dakika mbili kunakumbukwa.

Masikio na koo

Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda nusu. Kwa 100, muda salama ni dakika 15. Kiwango cha Ujerumani kwa watazamaji ni desibeli 99 kwa wastani wa dakika 30, na nyuma ya sahani za dramu ni zaidi ya hapo. Nanyi mtasimama humo kila usiku, si wakati wenu tu bali na wa bendi nyingine. Viziba masikio vyenye kichujio vinavyopunguza desibeli 15 hadi 25 kwa usawa vivaliwe tangu kupima sauti. Mlio masikioni unaobaki hadi asubuhi ni dalili kwamba kiwango kilivukwa.

Mwimbaji anayenguruma dakika 30 kila usiku kwa usiku 14 anamalizwa na mambo ya nje ya jukwaa: kuongea kwa sauti kwenye meza ya fulana muziki ukipigwa, hita ya gari inayokausha hewa, usingizi mfupi. Apashe sauti dakika 10 kwa kuimba laini kabla ya kupanda, anywe maji mchana kutwa badala ya chupa nzima dakika ya mwisho. Kunong'ona hakupumzishi koo, kunyamaza ndiko kunakopumzisha. Akiamka sauti ya kawaida imekwaruza, mtu mwingine auze fulana siku hiyo. Maumivu wakati wa kunguruma ni ishara ya kusimama.

Kuhusu chakula, andikeni kwenye orodha ya mahitaji kama kuna asiyekula nguruwe au anayehitaji halali, mara nyingi klabu itapika chakula cha mboga na tatizo limeisha. Mkipewa pesa badala ya chakula, ulizeni mapema, kwa kuwa saa nne usiku miji midogo imefunga majiko. Nguo za jukwaani zilizolowa jasho zitundikwe garini usiku huo huo, zikifungwa kwenye mfuko siku mbili hazivaliki. Jozi kumi za soksi, sweta mbili, koti la mvua. Mmoja akishikwa na mafua, akae kiti cha mbele peke yake na kila mtu awe na chupa yake ya maji, la sivyo shoo ya kumi mtakuwa wote mnakohoa.

Fulana

Msizisafirishe kutoka Nairobi. Fulana 100 ni karibu kilo 20, na ni bidhaa za kuuza, kwa hiyo forodha wana haki ya kudai kodi yao. Zichapisheni Ujerumani na zifikishwe klabu ya kwanza. Watu wa metali huko huvaa saizi kubwa kuliko mnavyodhani. Kwa 100 ningegawanya S 12, M 25, L 30, XL 22, XXL 11. Muundo mmoja wenye nembo kubwa mbele na orodha ya miji mgongoni unatosha. Miundo mitatu ya fulana chache chache huwaacha na saizi zisizolingana ifikapo shoo ya nane.

Bei iwe namba kamili, yuro 20 au 25, ili chenji iwe nyepesi. Anzeni kila usiku na yuro 150 za noti za tano na kumi na sarafu, kifaa cha kadi kilichochajiwa, na taa ndogo ya betri juu ya meza, kwa sababu kona mtakayopewa itakuwa gizani. Ulizeni kama klabu inachukua asilimia ya mauzo. Ndogo nyingi hazichukui, kubwa huchukua. Hesabuni saizi kwa saizi kabla ya mlango na baada ya kufunga, mtu yule yule, daftari lile lile.

Kwa Zurich, fulana mnazoingiza Uswisi kuuza lazima zitangazwe mpakani, na kodi ya ongezeko la thamani huko ni asilimia 8.1. Ofisi za forodha za mizigo ya biashara hazifanyi kazi usiku kwenye vituo vingi, kwa hiyo pangeni kuvuka mchana kutoka Munich, mkiwa na orodha ya idadi na bei. Njia rahisi kwa bendi ndogo ni kuingia na fulana 20 tu na kumwachia promota wa Munich masanduku mengine, kama mtapita tena, au kuyatuma mbele Köln.

Jambo la mwisho, na bendi nyingi za kwetu huliacha: nyimbo ni zenu, na klabu za Ujerumani hulipia muziki unaopigwa kwa GEMA, shirika la hakimiliki za muziki la huko. Mwombeni kila promota fomu ya orodha ya nyimbo, mwandike majina ya nyimbo na watunzi kama yalivyosajiliwa kwenye chama chenu cha hakimiliki nyumbani, mpige picha kabla ya kuirudisha. Anayeshika daftari la fulana aijaze kabla gari halijaondoka klabu, kwa kuwa kesho mchana hakuna atakayekumbuka wimbo gani ulikatwa.